Si mtandao, ni foleni isiyopimwa ndani ya seva

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme jambo kuhusu neno moja ambalo siku hizi limekuwa jibu la kila swali kwenye madirisha ya huduma: mtandao. Mwananchi anafika saa mbili asubuhi kufuatilia jalada la kiwanja, nakala ya cheti au kumbukumbu za mafao yake, anaambiwa mtandao unasumbua, anakaa kwenye benchi hadi saa sita, kisha anaambiwa arudi kesho. Mimi ni msimamizi wa seva, yaani kompyuta kuu zinazohudumia kompyuta nyingine, katika ofisi moja inayotunza majalada ya watu kwa njia ya kielektroniki, na kwa miaka kadhaa nimelisikia neno hilo likitamkwa upande wa pili wa ukuta huku nimeketi mbele ya mitambo yenyewe. Nakiri kwamba mara nyingi si kweli. Karani anayelitamka hadanganyi, anarudia alichoambiwa, na aliyemwambia naye hakuwa amepima kitu.

Ziko siku ambazo kweli ni mtandao. Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, intaneti ilidhoofika Tanzania na katika nchi nyingine kadhaa za ukanda huu, na hakuna msimamizi wa seva aliyeweza kufanya lolote akiwa mezani kwake. Lakini ofisi ninayoizungumzia ina seva zake ndani ya jengo lile lile, na kutoka kwenye kompyuta ya karani hadi chumba cha seva ni mwendo wa korido moja na ngazi. Waya huo ukikatika tunajua papo hapo. Kinachotuangusha ni yale yanayotokea baada ya ombi kufika salama kwenye seva.

Mfumo wa kusimamia hifadhi unafanana na masjala kuliko watu wanavyodhani. Karani wa dirishani akiingiza namba ya jalada, ombi lake linapokelewa na programu ya mbele, linakaguliwa kama mwombaji ana ruhusa, hifadhidata inaulizwa kurasa za jalada hilo zimewekwa wapi, kisha kazi inakabidhiwa kwa mmoja wa wahudumu wa ndani ya programu, ambao sisi tunawaita thredi, naye ndiye anayekwenda kwenye diski kuleta kurasa zenyewe. Wahudumu hao wana idadi maalumu. Kwetu walikuwa 50. Wote wakiwa wameshikwa na kazi, ombi jipya linasubiri mlangoni, na kwenye skrini ya karani kinabaki kile kiduara kinachozunguka.

Nieleze asubuhi moja ya Jumatatu, maana ndiyo iliyonifanya niache kuziamini taa za kijani. Saa tatu kasoro dakika kumi nilipigiwa simu kutoka ukumbini kwamba mtandao umekufa. Nilitazama ukurasa wetu wa ufuatiliaji, nikakuta kila kitu ni kijani. Programu ya ufuatiliaji ilikuwa ikiibishia seva hodi kila baada ya dakika tano, na seva ilikuwa ikiitika ndani ya milisekunde mbili, yaani sehemu mbili za elfu za sekunde. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ilikuwa ikitumika kwa asilimia 6 tu, na kumbukumbu ya kazi ilikuwa na nafasi tele. Kwa vipimo tulivyokuwa navyo, seva ilikuwa na afya njema, na ukumbini hapakuwa na pa kukanyaga.

Nilipoingia kwenye seva yenyewe nilikuta kipimo cha mzigo cha Linux, mfumo unaoiendesha seva yetu, kinasoma 53. Wengi hawajui kwamba kipimo hicho hakihesabu kazi zinazotumia au kusubiri prosesa peke yake, bali kinahesabu pia zile zilizokwama zikisubiri diski, na ndiyo maana kinaweza kupanda namna hiyo huku prosesa ikipiga miayo. Amri ya iostat, inayoonyesha diski zinavyotumika, ilimaliza ubishi: diski zilikuwa zimeshikwa kwa asilimia 100, na kila ombi lililozifikia lilikuwa likikaa karibu sekunde nzima kabla ya kukamilika. Bakapu ya mwisho wa wiki, yaani kazi ya kunakili majalada kwa ajili ya akiba, iliyopaswa kwisha Jumapili jioni, ilikuwa bado inasoma diski zile zile ambazo makarani walikuwa wakiombea majalada. Mwaka mzima tulikuwa tukiskani karatasi za zamani na kuongeza shehena, bakapu ikizidi kurefuka wiki hadi wiki, na hakuna aliyekuwa akitazama inakwisha saa ngapi. Tulichokuwa tukikitazama ni kama imekwisha.

Hilo peke yake lingetuchelewesha, lisingetuangusha. Kilichotuangusha ni kubonyeza tena. Karani akiona kiduara kimezunguka kwa sekunde 30, programu yake inakata tamaa na kumwonyesha kwamba ombi limeshindikana, naye analituma upya. Anafanya hivyo kwa nia njema, kwani mbele yake amesimama mama mwenye mtoto mgongoni. Tatizo ni kwamba ombi la kwanza halijafutwa. Liko bado kwenye foleni ndani ya seva, na zamu yake ikifika litahudumiwa kikamilifu: kurasa zitasomwa kutoka kwenye diski, jibu litaandaliwa, kisha litapelekwa kwa mtu ambaye ameacha kulingoja. Baadaye nilipolinganisha saa ya kuingia na saa ya kutoka ya kila ombi kwenye logi ya asubuhi ile, yaani daftari ambamo seva huandika kila inachofanya, niliona kwamba kuanzia saa tatu na robo karibu majibu yote yaliyokuwa yakitoka yalitoka baada ya kompyuta zilizoyaomba kuyakatia tamaa. Kuna jalada moja lililoombwa mara 11 na dirisha lile lile. Seva ilikuwa ikifanya kazi kwa nguvu zake zote kuwahudumia watu waliokwisha kwenda zao.

Niliisimamisha bakapu, nikaizima programu na kuiwasha upya ili foleni ya maombi yale mfu ifutike, na kabla ya saa nne madirisha yote yalikuwa yakifanya kazi. Tangazo lililobandikwa mlangoni siku hiyo lilisema kulikuwa na tatizo la mtandao. Lilikaa pale hadi Jumatano.

Baada ya hapo wakubwa wa ofisi waliuliza swali la haki kabisa: ikiwa mfumo ulifanya kazi vizuri Ijumaa, kwa nini uanguke Jumatatu ilhali waombaji hawakuongezeka sana? Jibu limo katika hesabu ya foleni, nayo si elimu ya juzi. A. K. Erlang wa Denmark alichapisha misingi yake mwaka 1909, alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen. Tuchukue diski moja ya kawaida inayozunguka mara 7,200 kwa dakika. Mzunguko mmoja ni milisekunde 8.3, kwa hiyo kichwa cha kusomea hungoja kwa wastani nusu yake, kama milisekunde 4, hadi sehemu inayotakiwa ifike chini yake. Ukiongeza milisekunde nane hivi za kukisogeza kichwa chenyewe, ombi moja linakula takriban milisekunde 12 na nusu, yaani diski hiyo haiwezi kuhudumia zaidi ya maombi 80 kwa sekunde yakiwa yametawanyika huku na huko. Sasa yakija maombi 40 kwa sekunde bila mpangilio, kila moja litakamilika kwa wastani wa milisekunde 25, kusubiri kukiwemo. Yakija 60, ni milisekunde 50. Yakija 72, ni 125. Yakija 76, ni 250. Yakija 79, ni sekunde nzima. Maombi matatu tu ya nyongeza, kutoka 76 hadi 79, yanauzidisha muda mara nne, na yakifika 80 foleni haina mwisho tena. Ndiyo maana mfumo ulioonekana mzima Ijumaa unaweza kuzimia Jumatatu bila jambo kubwa kutokea, na ndiyo maana msimamizi anayengoja hadi diski ishikwe kwa asilimia 95 ndipo apige kengele huwa amekwisha kuchelewa.

Kuna hesabu nyingine fupi ambayo ningependa kila mwenye dhamana ya mifumo aijue. John Little wa Marekani alithibitisha mwaka 1961 kwamba idadi ya walio ndani ya foleni na huduma, kwa wastani, ni kasi ya kuingia kwao mara muda wanaokaa humo. Kwa thredi zetu 50, yakiingia maombi 60 kwa sekunde, zote zinajaa mara tu ombi moja linapoanza kuchukua zaidi ya sekunde 0.83. Namba hiyo ingeweza kuandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani miaka mitatu kabla ya Jumatatu ile. Diski za kisasa zisizozunguka zinahudumia maombi maelfu kwa maelfu kwa sekunde, na kuzinunua kungeusogeza ukuta huo mbali sana, ingawa usingeondoka. Ombi letu la kuzinunua lenyewe liko kwenye foleni, ile ya manunuzi, ambayo haina kipimo cha aina yoyote.

Ripoti zetu za kila mwezi zilikuwa na mstari mmoja uliowapendeza wote: wastani wa muda wa kujibu. Tuseme maombi 1,000, kati yake 990 yakajibiwa kwa milisekunde 20 na 10 yakachukua sekunde 30 kila moja. Wastani wake ni kama theluthi moja ya sekunde, na kwenye mkutano wa idara mstari huo unapita bila swali. Hakuna hata mwombaji mmoja aliyejibiwa kwa theluthi ya sekunde. Walikuwepo waliojibiwa kufumba na kufumbua, na walikuwepo kumi walioambiwa warudi kesho. Zaidi ya hayo, jalada la kiwanja chenye mgogoro linaweza kuwa na kurasa 100, na kwenye mfumo kama wetu kila ukurasa ni ombi linalojitegemea. Kama ombi moja katika kila 100 huchelewa, na kuchelewa kwa moja hakutegemei jingine, basi uwezekano wa jalada hilo kufunguka bila kukwama popote ni asilimia 37 tu. Mwenye cheti cha ukurasa mmoja atausifu mfumo, na mwenye mgogoro wa kiwanja ataulaani, nao wote wawili wamesimama kwenye dirisha moja. Kipimo cha kuangalia ni kile kinachosema maombi 99 kati ya 100 yamejibiwa ndani ya muda gani, pamoja na lile moja lililochelewa kuliko yote. Sisi tulianza kukisoma kila asubuhi, na wiki ya kwanza hatukuwa na hamu ya kumwonyesha mtu.

Haya yote si mambo ya kubuni upya. Maabara zinazohifadhi data za LHC, mtambo wa kugonganisha chembe ndogo wa kituo cha utafiti cha CERN huko Ulaya, ambazo zimetawanyika katika nchi zaidi ya 40, zimekuwa zikisimamia hifadhi kubwa kwa miaka mingi, na baadhi yao hutumia mfumo uitwao StoRM, uliotengenezwa Italia na kituo cha INFN-CNAF cha Bologna. Kilichonivutia humo ni faili moja dogo la kumbukumbu ambalo watengenezaji wake wamelipa jina la mapigo ya moyo. Kwa kawaida kila baada ya sekunde 60 mfumo unaandika mstari mmoja humo: umekuwa hai kwa muda gani, una nafasi huru kiasi gani katika kumbukumbu ya kazi, umehudumia maombi mangapi ya kujibiwa papo hapo, mangapi ya kuandaa faili ili lisomwe na mangapi ya kuandaa nafasi ili faili liandikwe, na katika dakika iliyopita mangapi yamefanikiwa na yamechukua muda gani kwa wastani. Ni mstari mmoja tu, lakini anayeusoma anajua kazi inakwenda au haiendi, jambo ambalo taa yetu ya kijani haikuwahi kutuambia. Ningeongeza kwamba wastani ule nao unaweza kuficha kama wetu ulivyoficha, hivyo hautoshi peke yake. Jambo la pili la kuiga kutoka kwao ni kutenganisha maombi. Lile la kuuliza kama faili lipo linajibiwa hapo hapo, na lile zito la kuandaa faili linapewa namba na kuandikwa kwenye hifadhidata, kisha mwombaji anauliza baadaye kama liko tayari. Kwetu ombi la kuangalia cheti kimoja na ombi la mkaguzi anayetaka majalada ya mwaka mzima yalikuwa yakigombea thredi zile zile 50.

Isidhaniwe kwamba wenye fedha hawajikwai. Tarehe 28 Februari 2017 huduma ya hifadhi ya Amazon iitwayo S3, katika kituo chake cha kaskazini mwa Virginia, ilianguka kwa zaidi ya saa nne. Fundi aliyekuwa akichunguza kwa nini mfumo wa bili unakwenda polepole alikusudia kuondoa seva chache, akakosea kuandika amri, zikaondoka nyingi, zikiwemo zilizobeba faharasa ya vitu vyote vilivyohifadhiwa. Kampuni yenyewe ilieleza hayo hadharani, na ikaeleza pia jambo ambalo nimelirudia mara nyingi kwa wenzangu: ukurasa wake wa kuwaarifu wateja kuhusu hali ya huduma ulishindwa kubadilishwa kwa muda wa saa mbili hivi, kwa kuwa wenyewe ulitegemea S3 ile ile. Nilipoyasoma maelezo hayo nilicheka, kisha nikaenda kukagua kwetu. Programu yetu ya ufuatiliaji ilikuwa ikiandika vipimo vyake kwenye diski zile zile ilizopaswa kuzichunga. Kwenye mchoro wa Jumatatu ile kuna pengo jeupe la dakika 40, na ni zile dakika 40 tulizozihitaji.

Sasa tumebadilisha mambo kadhaa, mengi yakiwa hayakugharimu fedha. Ombi lililokaa kwenye foleni zaidi ya sekunde 30 linatupwa bila kuhudumiwa, kwa kuwa aliyelileta hayupo. Foleni ikifika kiwango tulichokiweka, linalofuata linakataliwa papo hapo kwa ujumbe unaomwambia karani asibonyeze tena kwa dakika mbili, na makarani, ambao mwanzoni waliona tumewafungia mlango, ndio wanaoupenda zaidi kwa sababu wanapata cha kumwambia mtu aliye mbele yao. Bakapu inasimama yenyewe saa kumi na mbili asubuhi, imalize isimalize, na isipomaliza ninapata ujumbe kwenye simu. Kompyuta moja kuukuu iliyo katika jengo jingine inafungua jalada la majaribio kila dakika, ukurasa kwa ukurasa kama karani afanyavyo, na kuandika kwake yenyewe limechukua muda gani. Skrini ndogo inayoonyesha namba hiyo iko ukumbini, upande wa makarani. Ningependa igeuzwe iwatazame wananchi, lakini hilo bado linajadiliwa.

Ombi langu la kwanza linawahusu wanaoandika mikataba ya mifumo ya umma. Mikataba niliyoiona inadai seva iwe hewani kwa asilimia 99.9 ya muda, ambayo kwa mwezi wa siku 30 inaruhusu dakika 43 tu za kuwa chini. Jumatatu niliyoieleza haikula hata dakika moja kati ya hizo, kwa sababu seva ilikuwa hewani muda wote, ikiitikia hodi, na mkandarasi alilipwa kama kawaida. Mkataba useme maombi 99 kati ya 100 yajibiwe ndani ya sekunde ngapi, yapimwe kutoka dirishani badala ya chumba cha seva, na logi za saa ya kuingia na saa ya kutoka ziwe mali ya ofisi.

La pili linawahusu waandishi wako, Ndugu Mhariri. Wanapopewa taarifa kwamba huduma ilisimama kwa tatizo la mtandao, wawaulize wahusika ombi lililochelewa kuliko yote siku hiyo lilichukua muda gani, na wakati huo maombi mangapi yalikuwa kwenye foleni. Mtu aliyepima hatahitaji kwenda kuuliza ndani. Majibu yake nitayatafuta katika kurasa zenu.

Wenu,
Msimamizi wa seva,
Dar es Salaam